Vipi Tumsaidie Mtoto wa Maandalizi Kuanza Kusoma Akiwa Nyumbani?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake, Maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Tumeletewa swali na dada yetu wa Kipemba anayeishi Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi. Tunalileta kwa kifupi:

SWALI:

Assalaamu 'alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Wete, tumehamia huku Moshi kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Mwanetu ana miaka mitano, yuko chekechea ambayo masomo yake ni ya Kiingereza. Tumeambiwa yuko nyuma, hawezi kusoma hata maneno mafupi. Basi baba yake humkalisha na daftari kila siku baada ya Maghribi, na akikosea humchapa. Sasa mtoto akiona daftari tu analia, na juzi alijikojolea hapo hapo alipokaa. Mama mkwe yuko Wete, anataka tumpeleke kwake akasome chuoni, ila anasema mambo ya skuli hatayaweza kwa kuwa herufi za kizungu hazijui, anajua Msahafu tu. Na mimi nimeishia darasa la saba. Tufanye nini? Na je, si kosa kumshughulisha na herufi hizo ilhali hajamaliza hata juzuu moja?

JIBU:

Wa 'alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Tunamshukuru dada yetu kwa kuuliza. Swali hili si la familia moja, kwani wazazi wengi wa Unguja, Pemba na kwengineko wanapita njia hiyo hiyo na wanaona haya kulisema. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, ili kila mwenye mtoto wa miaka mitatu mpaka sita afaidike inshaAllah.

Kumfundisha mtoto kusoma ni amana

Tuanze na sehemu ya mwisho ya swali. Si kosa kumfundisha mtoto herufi za Kiswahili kabla hajamaliza juzuu. Sote tunajua kwamba Wahyi wa mwanzo, katika Suratul-'Alaq, umekuja na amri ya kusoma na ukataja kalamu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Mtoto ni katika vitu vya mwanzo tutakavyoulizwa.

Katika Sira tunaona jambo hili lilivyopewa uzito. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn 'Abbas (Radhiya Allahu 'anhuma) kwamba baadhi ya mateka wa Badr hawakuwa na mali ya kujikomboa, Mtume (S.A.W.) akajaalia fidia yao iwe ni kuwafundisha watoto wa Answaar kuandika. Waalimu wale walikuwa bado washirikina, na walichofundisha kilikuwa kuandika, si Qur-aan. Pia Abu Dawud amepokea kwamba Shifaa bint 'Abdillah (Radhiya Allahu 'anha) alimfundisha kuandika Mama wa Waumini Hafsa (Radhiya Allahu 'anha), na Mtume (S.A.W.) aliliridhia hilo. Huyu ni mwanamke akimfundisha mwanamke mwenzake nyumbani. Basi dada yetu asijione mdogo kwa sababu ameishia darasa la saba.

Kinachotakiwa ni mizani. Qur-aan ipewe nafasi yake ya mwanzo, na kusoma Kiswahili kupewe yake. Kama tutakavyoona, viwili hivi havigombani, bali kimoja humsaidia mwenziwe.

Fimbo iwekwe chini leo

Hapa tunazungumza na baba wa mtoto, kwa heshima na kwa mapenzi. Tunajua anampiga kwa kumhofia mwanawe asije akabaki nyuma. Lakini dawa hii inaongeza maradhi.

Katika riwaya ile ile ya mateka wa Badr kuna kisa ambacho wengi hawakisikii. Siku moja kijana mmoja wa Kianswari alirudi kwa baba yake analia. Alipoulizwa, akasema mwalimu wake amempiga. Baba akakasirika, akaona kwamba yule mateka analipiza kisasi cha Badr kwa mtoto, akaapa kwamba mwanawe hatarudi kwake tena. Yule baba alikuwa na haja ya elimu ile, lakini hakukubali mwanawe aipate kwa kupigwa.

Tuitazame na Swala, ambayo ni nguzo ya dini. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mtoto afundishwe Swala akiwa na miaka saba, na habari ya kutiwa adabu haikutajwa mpaka miaka kumi. Hiyo ni miaka mitatu ya kufundisha, kukumbusha na kuvumilia. Ikiwa Swala imepewa subira hiyo, ni vipi mtoto wa miaka mitano apigwe kwa kuchanganya herufi?

Ibn Khaldun (aliyefariki mwaka 808 H, sawa na 1406) ameweka mlango maalumu katika Muqaddima yake kueleza kwamba ukali kwa wanafunzi unawadhuru, khasa wakiwa wadogo. Amesema mtoto anayelelewa kwa kukandamizwa huwa mvivu, na hujifunza uongo na hila ili aokoke na mkono wa mwalimu. Mtoto wa dada yetu ameshafika mahali ambapo daftari kwake maana yake ni maumivu. Mtoto mwenye hofu hashiki kitu, kwa sababu akili yake yote inatazama mkono wa baba.

Kwa hiyo la kwanza ni hili: kwa muda wa wiki mbili au tatu daftari lipumzike. Baba aendelee kukaa na mwanawe baada ya Maghribi, wakati ule ule, lakini akae naye kwa mazungumzo na visa. Mtoto ajue kwamba saa ile sasa ni saa ya raha. Tena mtoto hajachelewa. Huko Bara, mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) ulioanza mwaka 2015 uliiweka kazi hiyo katika darasa la kwanza na la pili. Mtoto wa miaka mitano anatakiwa atayarishwe, halazimiki kuwa msomaji.

Kusoma kunaanzia masikioni

Wazazi wengi tunadhani kusoma kunaanza na daftari na kalamu. Ukweli ni kwamba kusoma kunaanzia masikioni na mdomoni. Anayesoma anaona alama, anakumbuka sauti yake, anaziunga sauti mpaka zinakuwa neno, kisha analitambua lile neno kwa kuwa alishalisikia kabla. Likikosekana moja katika haya, kusoma kunakwama.

Sasa tumtazame mtoto wetu wa Shirimatunda. Nyumbani anasikia Kiswahili cha Pemba, nje anacheza na watoto wa jirani kwa Kiswahili cha Moshi kilichochanganyika na Kichaga, na darasani anaambiwa asome Kiingereza. Anaulizwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia jikoni kwao wala kwenye mchezo wake. Hata akiziunga sauti sawasawa, hapati neno analolijua. Zaidi ya hayo, maandishi ya Kiingereza hayafuati matamshi kila mara. Herufi moja ya "a" ina sauti kadhaa katika lugha hiyo, na hata jina lake ni "ei".

Kiswahili, alhamdulillah, ni chepesi kwa anayeanza. Irabu ni tano tu, a e i o u, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika. Linavyotamkwa neno ndivyo linavyoandikwa. Mtoto akishajua kwamba "ba" ni "ba", basi itakuwa "ba" katika baba, bata, bahari na baraza. Kwa hiyo aanze kusoma kwa lugha anayoiota usiku. Hatusemi aache Kiingereza cha skuli. Tunasema ujuzi wa kuunga sauti aupate kwanza kwa lugha ya mama yake, kisha atahama nao kwenda lugha nyengine.

Jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Tathmini za Uwezo, zilizoanza Tanzania Bara mwaka 2010, zimeonesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao walikwenda skuli. Wengi wao walijifunza kuimba herufi bila ya kujua sauti zake zinaungwa vipi.

Bibi anajua zaidi ya anavyodhani

Mama mkwe amesema hawezi kusaidia kwa kuwa anajua Msahafu tu. Tunamwambia kwa heshima: Bibi, hicho unachokijua ndicho hasa kinachotafutwa.

Mtoto anapokaa chuoni hufundishwa jina la herufi, kisha herufi hutiwa fatha, kisra na dhumma: bee kwa fatha "ba", kwa kisra "bi", kwa dhumma "bu". Kisha sauti huungwa mpaka neno likatoka. Hiyo ndiyo njia ya kufundisha kusoma kwa sauti ambayo leo waalimu wa skuli wanaihudhuria kwenye semina. Bibi zetu na mabibi zao wameifundisha kwenye jamvi kwa karne nyingi. Wengi wao waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hata kanga za zamani zilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi hizo.

Tofauti ni chache na zinaelezeka. Msahafu unasomwa kutoka kulia, Kiswahili cha skuli kinasomwa kutoka kushoto. Irabu fupi za Kiarabu ni tatu, za Kiswahili ni tano, kwa hiyo mtoto aongezewe "e" na "o". Na Kiswahili kina sauti ambazo Msahafu hauna, kama "p", "ch", "v" na "g" ya gari.

Wapo wanaohofu kwamba maandishi mawili yatamchanganya mtoto. Watoto wa mwambao wamesoma chuoni na skuli kwa miaka mingi, na wengi hawakudhurika. Kinachosaidia ni kutenganisha wakati na kumuonesha mtoto mahali pa kuanzia. Kabla ya kusoma, mshike kidole umuwekee upande wa kuanza na umwambie, "Hapa tunaanzia huku." Baada ya siku chache atakuonesha mwenyewe.

Mfano upo katika pwani yetu. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimuomba Aga Khan msaada, wakitaka watoto wao wafaulu skuli bila ya kupoteza dini na mila zao. Kazi ilianza Mombasa kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, na skuli ya mwanzo ya maandalizi ya mpango huo ikafunguliwa mwaka 1986. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Humo mtoto alisoma Qur-aan, akasikiliza hadithi, akacheza kwa vifaa vya hapa hapa kama vifuu, makombe na mbegu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa skuli hizo na wengine katika nchi zote tatu. Waliopita katika skuli za Madrasa walionesha maendeleo makubwa zaidi ya akili kuliko waliobaki nyumbani, na kuliko waliosoma skuli nyengine za maandalizi. Basi chuo na skuli si maadui.

Mambo saba ya kufanya nyumbani

Haya hayahitaji fedha. Yanahitaji robo saa kwa siku na moyo mkunjufu.

1. Zungumza na mtoto. Unapopika, mtajie majina: mwiko, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, ungo. Muulize maswali ambayo jibu lake si "ndiyo" au "hapana" tu. "Umeona nini njiani leo? Kwa nini kuku wamekimbia?" Mtoto mwenye maneno mengi kichwani huyatambua upesi akiyakuta kitabuni.

2. Msimulie. Visa vya Mitume ('Alayhimus salaam), Sira, na hadithi zetu za "Paukwa! Pakawa!". Hapa ndipo Bibi anapoingia. Apige simu kutoka Wete mara mbili kwa wiki asimulie kisa kimoja, kisha mjukuu amsimulie yeye. Kusimulia upya humfundisha mtoto kwamba habari ina mwanzo, kati na mwisho. Vitendawili navyo vina faida kubwa. Mtoto anayefikiri mpaka akajua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, huyo anajifunza kutafuta maana nyuma ya maneno.

3. Cheza na sauti. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania ndugu mdogo wa Anas bin Malik (Radhiya Allahu 'anhu), ambaye kunia yake ni Abu 'Umayr, akimuuliza habari za ndege wake mdogo aitwaye nughayr. 'Umayr na nughayr, maneno yanaoana mwisho. Mbora wa viumbe alikuwa na wakati wa kumchezea mtoto mdogo kwa maneno yenye vina! Basi nasi tupige makofi kwa kila silabi: We-te ni mbili, U-ngu-ja ni tatu, Shi-ri-ma-tu-nda ni tano, na Ki-li-ma-nja-ro pia ni tano. Kisha tutafute yanayoanza sawa: karafuu ya Bibi na kahawa ya jirani zote zinaanza na "ka". Nani ataleta nyengine? Kaka, kanga, kanzu, kamba. Mchezo huu unachezwa njiani, bila ya kalamu wala karatasi.

4. Fundisha sauti kabla ya jina la herufi. Anza na irabu tano. Zikishikwa, chukua konsonanti moja baada ya moja: m, b, t, k, l, n. Sema "mmm", usiseme "em". Kisha unga: ma, me, mi, mo, mu. Siku ya pili: ba, be, bi, bo, bu. Kwa herufi chache tu mtoto anasoma mama, baba, bibi, babu, bata, moto, kuku, kaka, lala. Neno la kwanza analolisoma mwenyewe litamfungua moyo. Silabi kama "mba", "nja" na "ng'o" zingoje mpaka hizi nyepesi zimekaa.

5. Tumia maandishi yaliyomo ndani. Jina la kanga ya mama, mfuko wa unga, pakiti ya chumvi, boksi la sabuni, ubao wa duka. Maandishi ya kanga aghalabu ni ya herufi kubwa, basi muoneshe kwamba "M" kubwa na "m" ndogo ni ndugu. Mtoto wa Unguja akifika bandarini Malindi ataona boti zenye jina la Kilimanjaro, na mwenziwe wa Shirimatunda analiona jina hilo hilo kwenye kuta za maduka na mlima wenyewe mbele ya macho yake asubuhi mawingu yakifunguka. Mtoto aelewe kwamba maandishi yanasema kitu, si mapambo.

6. Msomee kitabu. Mkalishe mapajani, pitisha kidole chini ya maneno, simama umuulize, "Unadhani itakuwaje?" Kitabu kimoja kikirudiwa mara ishirini si hasara, kwani watoto hupenda kurudia na ndivyo wanavyoshika. Mzazi asiyejua kusoma aeleze hadithi kwa kutazama picha, au amuite dada au kaka mkubwa asome, na yeye asikilize pamoja na mdogo. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya bei ndogo vipo, na katika intaneti upo mkusanyiko wa African Storybook wenye hadithi za Kiswahili za bure.

7. Mwache aandike kwa mchezo. Kwa kidole kwenye mchanga, kwa chaki kwenye ubao au sakafuni, kwa mkaa kwenye boksi. Aanze na jina lake. Akigeuza herufi, akachanganya "b" na "d", au akaanza upande usio wake, hilo ni la kawaida kwa umri huu. Andika ya sawa pembeni na umsifu kwa aliyoipata.

Maswali yanayofuatana na hili

Vipi kuhusu vitabu vyenye picha za watu na wanyama? Wanavyuoni wamekhitalifiana katika suala la picha kwa ujumla. Ama za watoto, wengi wameruhusu kinachohitajika kwa kuwafundisha na kuwaliwaza. Wametegemea hadithi sahihi ya Bibi 'Aisha (Radhiya Allahu 'anha), aliyekuwa akicheza na wanasesere mbele ya Mtume (S.A.W.), naye hakumkataza. Mwenye kutaka kujitoa katika khitilafu atafute vitabu vya miti, matunda, vyombo na majengo. Asimkose mtoto kitabu kabisa.

Vipi kuhusu simu na katuni? Simu haimlei mtoto. Katuni ya Akili and Me, iliyotengenezwa Tanzania kwa ajili ya watoto wa umri huu, inafundisha herufi na hesabu kwa Kiswahili, na msichana aitwaye Akili ndani yake anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mzazi mwenye kuitumia aitazame kwanza aone inavyolingana na maadili ya nyumba yake, ikiwemo nyimbo zilizomo. Kisha akae na mtoto, amuulize, aizime na waendelee kuzungumza. Mtoto akiachiwa simu peke yake kwa saa nyingi, hata yenye mafunzo huwa haimfai.

Na ikiwa mtoto ni mzito kweli? Kabla ya kumwita mzito, mpimeni masikio na macho. Mtoto ambaye masikio yanamtoka usaha au yanaziba kila mara hazisikii vizuri sauti za herufi, na tunamlaumu kwa asichokisikia. Mwiteni kwa sauti ya chini akiwa amekupeni mgongo, muone kama anageuka. Mkitia shaka, nendeni kituo cha afya, na huko watakuelekezeni hospitali kubwa. Kwa walioko Moshi ipo Mawenzi na ipo KCMC, yenye idara za macho na masikio. Unguja ipo Mnazi Mmoja, na Pemba ipo Abdalla Mzee, Mkoani. Kadhalika mtoto aliyekuwa haendi haja kitandani kisha akaanza, au aliyeanza kujikojolea kwa hofu, ahurumiwe na asiaibishwe mbele za watu. Hali ikiendelea hata baada ya hofu kuondoka, aonwe na daktari.

Muhtasari kwa dada yetu

Hamna haja ya kumtenganisha mtoto na wazazi wake na kumpeleka Wete kwa sababu hii. Atafutiwe chuo cha Qur-aan kilicho karibu hapo Moshi, na Bibi awe mwalimu wake wa visa na vitendawili kwa simu. Likizo ikifika, akamtembelee na kusoma naye jamvini.

Mzungumze na mwalimu wa skuli kwa upole. Mwambieni kwamba nyumbani mnaanza kwa Kiswahili, na muombeni akuoneshezeni sauti gani wanazisoma wiki hiyo ili msipingane. Mwalimu mwema atafurahi.

Na baba wa mtoto, usiku wa leo baada ya Swala, mwite mwanao bila ya daftari. Muombe radhi. Si aibu mkubwa kumuomba radhi mdogo, kwani Anas (Radhiya Allahu 'anhu) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi akiwa kijana na hakuwahi kusikia kwake hata neno la "uff". Kisha mwambie, "Niambie kitu kinachoanza na ba." Huenda akanyamaza siku ya kwanza, na ya pili. Endelea kukaa naye. Siku atakayocheka na kusema "baba", hapo ndipo amerudi kwenye mlango wa kusoma.

Tunamuomba Allah atujaalie wake zetu na waume zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, awafungulie watoto wetu nyoyo na ndimi zao, na awape elimu yenye manufaa ya dunia na Akhera. Aamiin.

Na Allah Anajua zaidi.